Afande Chien na Ganda la Kituo cha Nne

Tarehe 30 Aprili 2026 Bwana Chien Ming-tung, mwangalizi wa vituo vya mizinga vya kisiwa chetu, anastaafu baada ya miaka arobaini na mitano ya utumishi. Kumi na minane aliitumia katika rejimenti ya mizinga ya pwani, na iliyobaki katika ofisi yetu ya makumbusho, ambayo ilirithi vituo hivyo rejimenti ilipovunjwa. Anastaafu rasmi, nasema hivyo kwa makusudi, maana sina hakika kama miguu yake imepewa taarifa.

Mimi ni Liu Pi-yun wa masijala. Nimekabidhiwa kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha hafla, na nauandika roho ikiwa juu juu. Ukungu umetukalia tangu juzi, ndege hazitui, mpiga chapa wetu yuko Taipei na hawezi kutuletea kitu, kwa hiyo tutachapa wenyewe kwa ile mashine ya ofisi inayotafuna karatasi. Isitoshe, mhusika mwenyewe haachi kuingia humu. Asubuhi aliingia kwa mlango wa mbele.

"Pi-yun, unaandika nini?"

"Ripoti ya choo cha Kituo cha Pili, Afande."

"Choo chenyewe kina tundu moja. Kurasa zote hizo za nini?"

Akatoka. Nikadhani nimepona, kumbe amezunguka jengo, akaingia kwa mlango wa jikoni na kunisimamia nyuma ya bega. Nikalalia karatasi kama mtoto anayeficha mtihani.

Hakuja kuulizia hafla wala zawadi. Kwa muda wa mwezi mzima amekuwa na swali moja tu, analolibeba kutoka meza hadi meza: yeye akiondoka, ukungu ukishuka, nani atagonga ganda la Kituo cha Nne? Wafanyakazi wapya wanaosoma haya wataniwia radhi, itabidi nianzie mbali kidogo.

Rejimenti ilishushwa ufukweni mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mizinga ikiwa imefungwa kwenye magogo na askari wakiwa wametapika njia nzima. Kazi yao ilikuwa kuitazama pwani ya bara, ng'ambo ya mkondo, ambako walikuwako watu wengine wenye mizinga wakitutazama sisi. Kwa nyundo, patasi na baruti walichimba vituo kumi na kimoja kuzunguka kisiwa kizima, kila kimoja na handaki lake, tundu lake la mzinga, na kijihekalu kidogo pembeni kwa ajili ya maiti zisizo na jina zilizoletwa na maji. Tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo askari waliwachomea ubani, hata wale waliojidai hawaamini chochote.

Kila kituo kilikuwa na tabia yake. Cha Kwanza kililinda gati na kilijiona bora kuliko vingine. Cha Pili kiliota uyoga ndani ya viatu. Cha Sita kilipata mpishi hodari, na maofisa wakawa wanagundua sababu za kukikagua saa sita mchana. Cha Tisa kilikuwa na mbwa aliyepigiwa saluti. Na mzinga wa Kituo cha Nne, huko juu ya mwamba wa kaskazini, haukuwahi kumpiga mtu. Ulipiga mapipa ya mazoezi, na siku moja ukapiga jabali ambalo halikuwa na kosa lolote.

Chien aliingia katika hadithi hii mwaka 1981 akiwa kijana wa Yilan, mtoto wa mkulima wa vitunguu, aliyeitwa jeshini kwa mujibu wa sheria kama wenzake wote. Vijana walipangwa mstari wachote kura kwenye sanduku. Yeye akachota Matsu, visiwa vyetu hivi vya mstari wa mbele. Anasimulia kwamba ukumbi mzima ulipiga makofi, makofi ya watu waliookoka wenyewe, na mama yake alipopata habari alipika kuku wawili akalia juu ya wote wawili. Alitakiwa kukaa miaka miwili. Hesabu iliyobaki mnaijua.

Ile tabia yake ya kutopita njia moja mara mbili aliipata wakati huo. Kulikuwa na wazamiaji kutoka ng'ambo, tuliowaita mashetani wa maji, waliosemekana kuvizia askari wanaozoea saa moja na njia moja. Baadhi ya walioogopewa walikuwapo kweli, wengine walikuwa samaki wakubwa. Chien alijifunza kubadili njia, kubadili saa, kula amesimama karibu na mlango. Vita vikaisha, mashetani wa maji wakazeeka wakawa babu za watu, yeye akaendelea. Mpaka leo wageni anaowatembeza hulalamika kwamba ramani waliyopewa getini hailingani na anakowapeleka. Kiti chake hapa ofisini bado kina nailoni ya dukani.

Sasa niseme habari ya ukungu wa mwaka 1985, na hapa msinitegemee niwe mtulivu, kwa sababu aliyekuwa baharini ni baba yangu.

Baba, Liu Chin-kuan, alikuwa mvuvi wa uduvi. Siku hizo mvuvi alikwenda baharini kwa kibali, na king'ora cha jioni kilipolia, kila chombo kilitakiwa kiwe kimeshafungwa. Chochote kilichosogea majini baada ya hapo kilikuwa cha adui, na vituo vilikuwa na amri ya kupiga risasi. Ukungu ulishuka mchana ule kwa ghafla. Vyombo vingine vikarudi. King'ora kikalia, na baba hakuwamo.

Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka nimeshika koti la mama, na wanawake wa kijiji wamesimama kwenye lango la ufukwe, na askari mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akitufukuza.

"Mama, rudi nyumbani. Ni amri."

"Amri yako ndiyo itakwenda kumleta mume wangu?"

"Mama, tafadhali. Mimi pia naogopa."

Huku juu Kituo cha Nne, luteni alikuwa ameitwa makao makuu kula chakula na mkuu wa rejimenti, na kituo kikabaki mikononi mwa Koplo Chien, miaka ishirini na minne. Mlinzi akamwita.

"Koplo, kuna kitu majini."

"Kitu gani?"

"Sikioni. Lakini kinagonga."

Wakasikiliza. Lilikuwa beseni. Injini ya baba ilikuwa imekufa, akawa anapiga kasia kidogo, anagonga beseni kidogo, kama wavuvi wote wa hapa wanavyofanya wakipotea, ili walioko nchi kavu wajue yuko hai.

"Koplo, king'ora kimeshalia. Tufyatue?"

"Umewahi kuona shetani wa maji anakuja kuua watu na beseni?"

"Amri haisemi kuhusu beseni."

"Basi ngoja ibadilishwe."

Beseni lilikuwa linaelekea kwenye miamba ya chini ya kituo, ile inayopasua vyombo hata kukiwa na jua. Taa ilikuwa marufuku. Redio haikuwafikia wavuvi. Kilichokuwapo ni ganda la kombora, refu kama mtoto wa shule, lililoning'inizwa kwa waya mlangoni, na nyundo ya mti ya kupigilia vigingi vya hema. Chien akachukua nyundo akaanza kugonga.

Wazee wa rejimenti watakaokuwapo ukumbini wanajua kwa nini hapo walishika vichwa. Kila kituo kilikuwa na ganda kama hilo mlangoni, na kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kutangaza gesi ya sumu. Ukisikia chuma kinagongwa, unavaa barakoa, unagonga cha kwako ili jirani asikie, kisha unaomba Mungu wako. Kituo cha Tano kikasikia, kikavaa, kikagonga. Cha Sita kikaacha wali motoni. Cha Saba, cha Nane. Cha Tisa kulikuwa na barakoa moja pungufu, wakagombana, kisha wakajaribu kumvalisha mbwa wakaona mdomo hautoshi. Mkuu wa rejimenti alivaa ya kwake tambi za samaki zikiwa bado mdomoni, na luteni aliyekuwa mgeni wake alizimia, si kwa gesi bali kwa kujua kwamba mlio umeanzia kwake. Kisiwa kizima kikakaa ndani ya mpira wa barakoa, kikipumua kwa kelele, kikingoja kufa. Simu ya Kituo cha Nne ikalia.

"Gesi iko upande gani?" Mkuu mwenyewe, sauti ikitoka ndani ya barakoa.

"Hakuna gesi, mkuu. Kuna mvuvi."

"Mvuvi ana gesi?"

"Hapana, mkuu. Ana uduvi."

"Acha kugonga mara moja!"

"Ndiyo, mkuu. Akifika, mkuu."

Akaweka simu chini akaendelea kugonga. Baba anasema alisikia mlio upande wa kushoto wakati yeye alikuwa anaamini nchi iko kulia. Akageuza chombo. Hakuweza kutua ufukweni kwa sababu mchanga wote wa pale ulikuwa umepandwa mabomu, kwa hiyo askari walimteremshia kamba wakamvuta juu ya mwamba, akipita kwenye ukuta wenye vigae vya chupa, akafika juu akiwa na damu magotini na beseni lake kwapani. Hakukubali kuliacha. Chien alimpa mkate wa ufuta uliobaki mfukoni mwake, na baba akaula akitetemeka. Maneno yao ya kwanza yalikuwa haya:

"Afande, sina cha kukupa. Uduvi umebaki chini."

"Kaa, kula. Mimi natafutwa na rejimenti nzima."

Chien wakamweka lokapu. Walimfutia cheo alichokuwa akikaribia kupandishwa. Kisha mkuu, ambaye aliona haya kuliko alivyokasirika, akatoa adhabu ya ajabu kwamba mtu huyu asikae kituo kimoja muda wa kutosha kuzoea chochote. Kila miezi michache akahamishwa. Ndiyo maana Chien Ming-tung ni mtu pekee katika historia yote ya rejimenti aliyetumikia vituo vyote kumi na kimoja, na ndiyo maana bado anatembea kana kwamba ana barua ya uhamisho mfukoni.

Adhabu hiyo ndiyo iliyompa mke. Bi Tsao Yu-chiao alikuwa binti wa nyumba iliyofua nguo za askari, na kila Jumamosi alikuwa anauliza nguo za Chien zipelekwe kituo gani safari hii. Anasema alichoka kuuliza, akaona bora aolewe naye ajue moja kwa moja. Akaolewa, na bado hajui.

Majira ya ukungu yaliyofuata wanawake wa kijiji walikwenda makao makuu na mitungi ya pombe nyekundu na mama yangu akiwa mbele. Mkuu mpya alikuwa ameshawasili, mtu wa Penghu, mwana wa mvuvi. Hakuchelewa. Ikaamuliwa kwamba gesi ni mlio usiokatika, na ukungu ni milio mitatu kisha kimya, kisha mitatu tena, kutoka Kituo cha Nne tu. Mgongaji akawa Chien, popote pale alipokuwa amehamishiwa. Ukungu ukishuka, aliacha alichokuwa akifanya akakimbia kuelekea kaskazini. Aliacha paredi. Aliacha mazishi ya mbwa wa Kituo cha Tisa. Aliacha, kwa ushahidi wa mke wake, kila chakula cha mwezi wa nne na wa tano tangu waoane.

Mizinga ilianza kuondolewa baada ya utawala wa kijeshi kwisha visiwani, na mwaka 1999 rejimenti ikavunjwa. Nilikuwapo gatini. Bendi ilipiga, mabegi yalipandishwa melini, na Sajenti Chien akapanda na mabegi yake. Dakika chache baadaye akashuka. Akapanda tena. Yu-chiao alikuwa amesimama karibu nami, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka melini, "Amua, mwanamume! Watu wanataka kusafiri!" Akashuka, na wiki iliyofuata alikuwa anaomba kazi kwetu.

Kwa ofisi yetu amefanya mengi. Alitoa mchanga uliojaa katika handaki la Kituo cha Nane, ndoo kwa ndoo, na kuwapa wanafunzi wa likizo kazi waliyoichukia na ambayo sasa wanajisifia. Alitafuta nyumba kwa nyumba majina ya askari waliofia kwenye uchimbaji, mpaka ukuta wa Kituo cha Kwanza ukawa na majina badala ya kauli mbiu. Aliwashawishi wazee wa rejimenti warudi kila vuli, wanakula, wanabishana nani alivaa barakoa vibaya, wanalia kidogo, wanaondoka. Na majira yote ya ukungu, ingawa kila chombo siku hizi kina kifaa cha satelaiti kinachosema mpaka jina la mwamba, aliendelea kupanda na nyundo yake.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mgeni kutoka ng'ambo, mzee wa Lienchiang, na kundi la watalii. Walipofika Kituo cha Nne aliligusa lile ganda, akamuuliza Chien kwa lafudhi yetu ileile ya Fuchou kama hili ndilo lililokuwa likigongwa.

"Mlikuwa mnalisikia?" Chien akauliza.

"Tulikuwa tunarudia nyumbani kwa hilo. Wakati wa ukungu tunalipa mgongo, tunapiga kasia. Mgongo ukilisikia vizuri, mbele ni kwetu."

"Miaka yote hiyo nawaongoza ninyi?"

"Mlikuwa adui wazuri sana, kaka."

Chien alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Ndiyo mara pekee nimemwona amekaa saa za kazi.

Mtaelewa basi ilivyokuwa mwezi uliopita, Mkurugenzi Hsieh alipotangaza kwamba ganda litashushwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi mpya, na kituoni kitafungwa kipaza sauti chenye mlio uliorekodiwa. Mkurugenzi si mtu mbaya. Akiona chuma anaona kutu, na mwezi huo huo alikuwa ameshapoteza mlango mzima wa Kituo cha Saba kwa chumvi. Lakini Chien aligeuka nyuki. Alizunguka vijiji, hekalu la Mazu mlinzi wa wavuvi, gati, duka la mikate, akiuliza kila mtu swali lake. Alikonda. Alianza kunyanyuka mezani hata siku za jua kali kwenda kutazama upeo wa bahari.

Kikao cha kuamua kiliitwa, na Yu-chiao akaja ingawa hakimhusu, akiwa na kapu la sokoni. Mkurugenzi alikuwa anaeleza umuhimu wa kulinda ganda halisi la mwaka 1985.

"Lipi?" Yu-chiao akauliza.

"Lile la Kituo cha Nne, mama."

"Hilo si la themanini na tano. Hayo maganda yanapasuka, yanagongwa kila mwaka. Hilo ni la nne."

Chien alikuwa anatazama dari.

"Na la kwanza liko wapi?" Mkurugenzi akauliza polepole.

"Mlangoni kwangu. Naweka miavuli. La pili nakandamizia kabichi ya siki, la tatu kuku wanatagia. Yachukueni yote matatu, niwashukuru, nyumba yangu imekuwa ghala la silaha. Lakini hilo la nne liacheni lilipo, na mnitafutie mtu mwingine wa kuligonga, kwa maana mimi nimeolewa miaka thelathini na minane na sijawahi kumwona huyu bwana akimaliza samaki upande wa pili."

Alisema hivyo kwa mzaha, watu wakacheka, kisha akainama kulipanga kapu lililokuwa limeshapangwa, na kicheko kikaisha. Mkurugenzi akavua miwani. Akakubali kuchukua la miavuli. Lakini akasema ukweli wake pia, kwamba kituo kile kina ngazi nyingi na mwamba mbaya, mstaafu hawezi kuruhusiwa kupanda peke yake, bima haimkubali, na kama hakuna mfanyakazi atakayeandika jina lake kabla ya mwisho wa mwezi, kipaza sauti kitafungwa. Akatutazama mmoja mmoja. Sote tukapata hamu kubwa ya kutazama chai zetu. Chien alitoka kwa mlango wa mbele, na kesho yake akatoka kwa mlango huohuo, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mimi sipendi Kituo cha Nne. Nina goti bovu, nina kifua kinachochukia unyevu, na ngazi zile zimejengwa na watu waliokuwa na hasira. Lakini baba yangu sasa anaishi kwa kaka yangu huko Bade, Taoyuan, na kila taarifa ya habari ikisema uwanja wa Matsu umefungwa kwa ukungu, hunipigia simu. Haniulizi hali. Hawaulizii wajukuu. Juzi alipiga tena.

"Wanagonga?"

"Anagonga, baba. Nasikia kutoka hapa."

"Weka simu dirishani."

Nikaiweka dirishani. Ilikaa kule muda mrefu. Nilipoirudisha sikioni alikuwa bado yupo, anapumua.

"Basi vizuri," akasema, akakata.

Kesho yake nikaingia kwa Mkurugenzi Hsieh nikamwambia aandike jina langu.

"Wewe? Wa masijala?"

"Mafaili hayatakimbia ukungu ukishuka."

"Na goti?"

"Litapanda na mimi, litake lisitake."

Aliandika, akagonga muhuri, akaniambia nisimwambie mtu mpaka siku ya hafla. Ndiyo maana nimelalia karatasi asubuhi nzima. Afande, utakapofika kwenye ukurasa huu utakuwa umesimama karibu na mlango wa ukumbi, najua, kitabu mkono mmoja. Sasa umeshajua.

Baba anakuja. Ndege hazitui, kwa hiyo amechukua meli ya Keelung, na kaka yangu ananiambia amekataa kulala chumbani, yuko sitahani na blanketi. Meli ina rada na haihitaji mtu wa kuigongea. Lakini kama ukungu utakuwa bado haujaondoka itakapokaribia, nakuomba upande ukagonge mara hii ya mwisho, nami nitapanda nyuma yako kujifunza mkono wako unavyopumzika baada ya mlio wa tatu. Nimejaribu kwenye ndoo ya ofisi, na wenzangu wanasema naharakisha.

Rejimenti imevunjwa, mzinga umeziba kwa rangi, na vituo kumi na kimoja vina tiketi na vyoo. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wazee wa rejimenti na vijiji vya kaskazini, asante, Afande Chien. Asante kwa jioni ile. Mama yangu alikufa akiwa mke wa mtu aliyezeeka naye, na sijapata njia bora ya kukueleza hilo ina maana gani.

Tunakuombea siku nyingi, afya, na mwendo mfupi. Mwezi wa tano ukifika, mtakuwa mezani, na kwa dirisha utasikia mitatu, kimya, mitatu. Usitafute viatu. Ni mimi. Shemeji Yu-chiao, mgeuzie samaki upande wa pili.